Jinsi Bastola ya Murray Tindall Ilivyokwama

Murray Tindall alianza na shati. Bastola hana, leseni hana, hata mlango wa klabu hajaujua unafunguka upande gani, lakini shati alikwisha kulishonesha: la bluu na njano, jina lake mgongoni kwa herufi ambazo hata ng'ombe wa ng'ambo ya reli wangezisoma, na chini ya jina picha ya bwawa la kuogelea. Hiyo ndiyo kazi yake. Anauza mabwawa hapa Burrawinda, mji ambao maji ya kunywa yenyewe tunayapimia, na anayauza kweli. Mtu anayeweza kumuuzia bwawa mkulima wa ngano mwenye tangi tupu si wa kumdharau kwa ulimi. Kwa mengine yote mdharau tu, nakupa ruhusa.

Mimi ni Thora Beasley, msimamizi wa uwanja katika klabu ya bastola, pale nyuma ya jalala la mji. Siku za mashindano kazi yangu ni kumfuata mpigaji mgongoni, saa ya mlio mkononi, nikitazama mikono yake na si shabaha zake. Mchezo wetu si ule wa kusimama kama mlingoti na kulenga karatasi moja kutwa nzima. Sisi tunakimbia. Saa ikilia, mtu anachomoa bastola kiunoni, anapita kwenye kona na madirisha ya mbao tuliyoyajenga wenyewe, anapiga shabaha za kadibodi na sahani za chuma, anabadili magazini, kile kisanduku cha risasi, njiani, na anayejua kuoanisha haraka na usahihi ndiye mshindi. Zimo pia kadibodi nyeupe, tunaziita raia. Ukimpiga raia unakatwa alama, na unachekwa.

Juu ya yote hayo ipo sheria moja isiyo na mzaha. Mdomo wa bastola uangalie mbele, kwenye tuta la udongo. Ukivuka bega lako na kuanza kutuangalia sisi tulio nyuma, siku yako imekwisha. Hakuna onyo wala kuomba radhi. Unafungasha begi unakwenda zako.

Basi Murray alikuja Jumamosi moja ya joto, nzi wamemjaa mgongoni juu ya jina lake, akanikuta nafagia maganda ya risasi.

"Thora, niambie ukweli. Bingwa wa jimbo anatumia bastola gani?"

"Alianza na ya klabu. Kama kila mtu."

"Mimi si kila mtu, bwana."

"Naona. Umeandikwa mgongoni."

Akacheka, maana Murray hachomwi na sindano ndogo. Lakini sheria za nchi hii haziangalii shati. Mgeni anakaa miezi mingi akipiga na bastola za klabu, tena chini ya macho yetu, ndipo aruhusiwe kumiliki yake. Na miezi hiyo si ya kupiga tu. Ni ya kubandika.

Kubandika ndio ubatizo wetu. Mpigaji akishamaliza, mimi natangulia na mwandishi wa alama, nasoma matundu shabaha moja moja. Nikishasoma, wenzake wanakuja na vibandiko, wanaziba matundu ili anayefuata akute kadibodi safi. Kila mtu anabandika. Mwenyekiti anabandika, bingwa wa jimbo alipotutembelea alibandika. Asiyebandika tunamwita mgeni wa harusi, anayejua njia ya kwenye sufuria tu.

Murray alikuja na kiti cha kukunja chenye tundu la kuwekea kopo la bia.

"Goti," alisema.

Goti hilo lilikuwa la ajabu. Halikuuma akikimbia na bastola, halikuuma akiwahi kivuli. Lilianza kuuma mtu akitoa karatasi ya vibandiko.

Siku moja tu aliinuka, kwa sababu mwenyekiti alikuwa anamtazama. Aliyekuwa amepiga ni daktari wa meno wa hapa mjini, Shanika Perera, aliyejiunga mwezi mmoja na Murray. Daktari alikuwa amevurunda siku hiyo, amesahau shabaha nzima nyuma ya ukuta. Murray, kwa kujionyesha, akakimbia mbele yangu na kuziba matundu kabla sijayasoma. Hilo ni kosa la kila mgeni, tunalisamehe. Lakini tundu lisiloonekana halihesabiki, na sheria inasema mpigaji arudie. Daktari akarudia, sasa njia anaijua, akapiga vizuri kupita siku zote.

Murray akabaki kasimama, kibandiko kimoja kimemganda kwenye kidole gumba.

"Kumbe," akasema. "Kumbe mtu anaweza kupata mara ya pili?"

Sikuipenda hata kidogo kumbe yake ile.

Kuhusu daktari huyo lazima niseme kitu. Alimng'oa Murray gego, na Murray alilia. Si machozi ya kujikaza, ni kilio cha mtoto aliyenyang'anywa ziwa, mpaka mtu wa mapokezi akafunga mlango. Habari hizo hazikutoka kwa daktari, yeye ana heshima zake. Zilitoka kwa Murray mwenyewe, akijitetea kabla hajashtakiwa.

"Naweza kushindwa na yeyote humu," aliniambia, "ila si na mtu aliyeniingiza vidole mdomoni."

Leseni ikatoka, na bastola ikaja siku ileile. Hapo ndipo Gaylene alipoingia kwenye habari hii. Gaylene ni mke wake, mwanamke wa maneno machache anayeshughulikia uangalizi wa wazee kule nyumba ya wakongwe, na amezoea kuongea na watu wasiotaka kusikia. Alikuja kwenye mkutano wa klabu akiwa bado na sare ya kazi, akasimama mbele yetu sote.

"Murray, nisikilize, na hawa wawe mashahidi. Bastola italala kwenye sefu, sawa. Lakini siku atakayokutoa Thora uwanjani kwa uzembe, hiyo bastola inatoka nyumbani kwangu. Sitaki kelele, sitaki machozi."

"Mimi nitolewe? Mimi, Gaylene?"

"Una vidole tisa vya miguu."

"Ile ilikuwa mashine ya kukata majani!"

"Ilikuwa inasukumwa na nani? Tena na ndala miguuni. Na pikapu je, nani aliirudisha kinyumenyume ikaingia kwenye bwawa la maonyesho?"

"Breki zile..."

"Apa."

Akaapa, mkono juu, mbele ya watu wote. Na hapa nitampa haki yake, maana sitaki kusema uongo juu ya mtu hata kama ni mjinga. Bastola ile aliipenda. Mtu yule ambaye mdomo wake haufungwi, ukimkuta anaisafisha kwenye meza ya klabu amenyamaza, anapangusa kila kona kwa kitambaa kilichokuwa cha mama yake. Nadhani ndicho kitu pekee maishani alichokinunua bila kufikiria atamuuzia nani. Kuikosa kungemuuma kuliko kile kidole cha mguu, na sote tulilijua hilo.

Mashindano yake ya kwanza yakaja, hapahapa nyumbani. Njia tano za kupiga, asubuhi mpaka alasiri. Kila mgeni huwa nampa maneno yaleyale: usishindane na mtu, tembea, maliza, rudi nyumbani. Anayemaliza mashindano ya kwanza salama ameshinda, hata awe wa mwisho. Daktari Perera aliitikia kwa kichwa. Murray alikuwa anapaka mafuta ya jua puani.

Alikuja na Kel. Kel Roach ni kijana wake wa kazi, japo ujana wenyewe umeshaanza kuota mvi, anayembebea magunia ya chumvi ya mabwawa, na siku hiyo alimbebea kiti, kasha la barafu na mwavuli. Kel naye ni mwanachama wetu, na kubandika anakuchukia kuliko bosi wake. Kutwa nzima alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha pikapu, kofia usoni.

Nitasema kilichonishangaza: Murray alipiga vizuri. Njia ya kwanza alikwenda kama mtu anayebeba mayai. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu na ya nne akaanza kuchangamka, lakini mdomo wa bastola ukabaki kwenye tuta, na mimi nikaanza kujilaumu kimoyomoyo kwa yote niliyokwisha kumsema. Ningengoja kidogo nisingejisumbua.

Tatizo ni kwamba kila akimaliza, alikwenda kwa mwandishi kuchungulia alama za daktari. Walikuwa bega kwa bega. Na njia ya tano daktari alitangulia, akaipiga taratibu, bila raia hata mmoja, akashuka na kuanza kumenya chungwa.

"Murray," nikamwambia kwenye mstari wa kuanzia, "hii ndiyo ya mwisho. Tembea. Ukitoka hapa salama, bastola inalala kwako."

"Daktari ametumia muda gani?"

"Muda wa kutosha kumkera mtu kama wewe. Tembea, nimesema."

Saa ikalia. Alitembea, kwa kusitasita, jicho moja kwenye shabaha na lingine kwenye chungwa la daktari. Akamchapa raia mmoja mara mbili katikati ya kifua. Sahani moja ya chuma akaikosa kabisa. Lakini akafika mwisho. Akatoa magazini, akanionyesha chumba cha risasi kitupu, bastola ikarudi kiunoni. Nikatangaza uwanja ni salama. Wakati huo, msomaji, Murray Tindall alikuwa amemaliza. Bastola ilikuwa yake.

Akageuka kuelekea pikapu, akajikuna sikio.

Kel, aliyelala tangu asubuhi, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akanipita mbio, karatasi ya vibandiko mkononi, akafika kwa yule raia, akamziba kifua, pap, pap, mimi bado niko nusu ya njia.

"Kel!"

"Ah, Thora, samahani! Mikono imenitangulia."

"Mikono hiyohiyo iliyokuwa imelala chini ya pikapu?"

"Imeamka."

Kadibodi ni nyeupe na tundu ni jeusi. Nilikuwa nimeyaona yote mawili kutoka niliposimama, kama ninavyouona mkono wangu. Nikamwambia mwandishi aandike. Murray akainua kidole.

"Huwezi. Sheria inasema usome shabaha ikiwa wazi. Imezibwa, hukuisoma. Narudia."

Katika kitabu kizima cha sheria, hiyo ndiyo aliyoisoma. Zingine zote alikuwa anaziuliza.

"Murray," daktari akasema, chungwa mdomoni, "kubali tu ukale."

"Wewe unaogopa!"

"Ninaogopa nini?"

"Unajua mwenyewe."

Watu wakacheka, na si kwa upande aliodhani. Nikamshika kiwiko nikamsogeza pembeni, maana ingawa mtu ni mjinga, kuna mke wake, na mke wake namheshimu.

"Sikiliza. Nikiandika sasa hivi, umemaliza. Ukirudia, hujamaliza. Gaylene yule pale kwenye banda la chakula, anageuza soseji. Umenielewa nakuambia nini?"

Akatazama bandani. Nikaona kabisa akili ikimjia, kwa mbali, kama mtu anayekuja kwa miguu kutoka mji mwingine. Mkono ukashuka kwenye bastola ukaigusa kitako. Kisha akamtazama daktari. Daktari alikuwa anafuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, vidole vilevile.

"Narudia."

"Haya," nikasema. "Kichwa ni chako."

Saa ikalia, na Murray akaondoka kama anafukuzwa na nyuki. Nusu ya kwanza, nakiri, ilikuwa safi. Sahani zote zikaanguka. Raia akapona, hakuguswa. Nyuma yangu nikamsikia Kel akisema, "Si mnaona? Si mnaona sasa?" Baada ya dirisha la pili njia inakata kushoto, na hapo ndipo mtu anabadili magazini huku anakimbia. Kila anayeshika bastola kwa mkono wa kulia tunamfundisha siku ya kwanza: ukikimbia kushoto, mwili unageuka na mdomo wa bastola unakufuata, basi uukatalie. Uache palepale, uelekee tuta, hata kama inakupa tabu.

Murray aliukubalia. Alikimbia kushoto, macho yamezama kwenye magazini inayogoma kuingia, na bastola ikazunguka naye, polepole, bila haya, ikapita mlango, ikapita ukuta, ikaja ikanitazama mimi usoni.

"Simama!"

Sijawahi kupiga kelele hivyo tangu nizaliwe. Kasimama. Kidole kilikuwa nje ya kifyatulio, nashukuru. Nyuma yangu watu wazima wenye familia zao walikuwa wamelala kifudifudi vumbini, na wa kwanza kulala alikuwa Kel, vibandiko vimemganda kwenye shavu.

"Nini?" Murray akauliza.

"Geukia tuta. Toa risasi zote. Nionyeshe."

"Thora, mdomo haukupita bega."

"Murray, nimeona ndani ya mtutu mpaka mwisho. Toa risasi."

Akatoa. Nikamwambia maneno tunayowaambia wote, kwamba mashindano kwako yamekwisha, fungasha. Uso ukambadilika rangi. Akanisogelea na sauti ya chini, ile anayotumia akikuuzia mfuniko wa bwawa usiouhitaji.

"Thora, dada yangu. Usimwambie Gaylene."

"Nimwambie nini tena? Nimepiga kelele mpaka jalalani wamesikia."

Akaenda bandani, kichwa chini, shati limeloa jasho. Mimi nikafuata nyuma, sisemi uongo, nilitaka kusikia. Kel alikuwa pembeni yake. Foleni ya soseji ilikuwa ndefu, na wote wakageuka kututazama.

Gaylene hakuinua macho kwenye jiko.

"Umemaliza?"

Kulikuwa na jibu moja la kiume hapo, fupi, herufi chache tu. Lingemgharimu bastola lakini lingemwachia kitu. Murray akavuta pumzi.

"Bastola imekwama," akasema.

"Imekwama?"

"Imekwama vibaya sana. Thora akanisimamisha, kwa usalama. Si ndiyo, Kel?"

"Imekwama," Kel akasema, akibandua kibandiko shavuni. "Nimeiona kwa macho yangu."

Gaylene akanitazama mimi. Mimi nikatazama soseji. Akaweka koleo chini, akafuta mikono kwenye aproni, na nikaona mdomo wake umejikunja upande mmoja.

"Basi ni mbovu," akasema. "Bastola mbovu mkononi mwako, Murray? Hailali kwangu hata wiki moja. Jumatatu nachukua ruhusa kazini, tunairudisha dukani wote wawili."

Murray akamtazama Kel, Kel akatazama pikapu. Ungemwona ungecheka au ungemhurumia, na mimi nilifanya la kwanza. Akisema si mbovu, basi amefukuzwa kwa uzembe, na kiapo kipo, na mashahidi wote wako kwenye foleni wanashikilia mikate yao. Akinyamaza, imekwenda. Alijichimbia mashimo mawili na kusimama katikati.

"Sawa," akasema.

Jumatatu walikwenda, mji wa jirani, kwa mwuza bunduki. Gaylene alisimama pembeni na mkoba kifuani, na Murray ilimbidi aseme mwenyewe, kwa ulimi wake, kwamba bastola ile inakwama. Mwuza bunduki akaigeuza, akaivuta, akashangaa, lakini neno la mwenye mali ni neno la mwenye mali. Akaiweka kabatini kwa bei ya kitu kibovu.

Daktari Perera ndiye aliyeinunua. Leseni yake ilikuwa tayari, alikuwa anatafuta ya kuanzia, ya bei nafuu. Alikuja nayo Jumamosi iliyofuata, tukamwacha apange shabaha zake.

Murray bado anakuja. Anapiga na ya klabu, ile nzito ya zamani ambayo kitako kimeungwa kwa gundi. Wageni wakimwuliza kwa nini hana yake, anawaambia ilikwama, na sasa anavyoisimulia ilikwama mara tatu, nne, karibu imlipukie mkononi. Goti halimwumi tena. Daktari akiitwa mstarini, Murray huwa wa kwanza kuinuka, anasimama nyuma yake na karatasi ya vibandiko, jasho linamtoka, akiomba ikwame hata mara moja.

Haijakwama.